Kiwanja Kilichopimwa kwa Miguu

Kiwanja changu kilipimwa kwa miguu ya mzee mmoja mrefu, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa urefu wake. Alisimama chini ya mgunga uliokuwa pale kona, akachomeka fimbo, akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Akageuka kulia, ishirini nyingine. Kijana wake wa mwisho alikuwa anamfuata nyuma akichomeka vijiti vya minyaa kila kona. Walipomaliza, mzee akanipa mkono. "Binti yangu, hapa umepata zaidi ya ulicholipia." Dalali akacheka, mimi nikacheka, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishiana. Mashahidi wawili upande wangu, wawili upande wake, picha za pasipoti, mhuri. Jioni nikapanda kifodi kurudi Sanawari nikiwa mtu mwenye kiwanja Arusha.

Hiyo ilikuwa 2013. Hakuna aliyeuliza barabara iko wapi, na mimi sikuuliza. Ungeulizaje? Barabara ilikuwa kila mahali, kwa sababu hakukuwa na ukuta hata mmoja. Ulikuwa unatoka popote unaingia popote, unapisha mbuzi tu. Ukisimama katikati ya kiwanja ulikuwa unauona Mlima Meru wote, toka kwenye migomba mpaka kileleni.

Leo mlima nauona nikiwa nimepanda ngazi ya fundi.

Mtaa wenyewe sitautaja, nina majirani wanaosoma. Ni upande wa kusini wa jiji, chini ya barabara ya mchepuo, ile ya kilomita 42 inayozunguka nje ya mji. Watu wa Muriet, Terrat na Olmoti wataelewa ninachosema hata kama si kwao. Mzee aliyeniuzia ni Mwarusha, shamba alirithi kwa baba yake, na amelikata vipande kwa miaka kumi na ushee: kipande cha ada ya shule, kipande cha hospitali, kipande cha harusi, na kimoja, anasema mwenyewe, cha pikipiki ambayo kijana aliigongesha ndani ya mwezi. Wanunuzi ndio sisi: walimu, manesi, madereva wa watalii, watu wa mahoteli, na mimi ninayefanya hesabu kwenye kampuni ya utalii na kujenga kwa msimu. Wageni wakianza kuingia Juni, nanunua sementi. Novemba ikifika, nasimama. Mfuko wangu umeshanisimamishia ujenzi mara nne bila kikao chochote.

Masika iliyopita mke wa mzee alifariki. Gari lililoleta mwili toka mochwari liliishia kwenye kona ya duka, kama mita mia mbili kabla ya boma lao. Halikukwama kwenye tope. Lilizuiwa na kuta. Jeneza likateremshwa libebwe kwa mikono. Njia ya kwenda kwa mzee inapita kati ya ukuta wa jirani yangu, Baba Neema, na ukuta wangu, na hapo katikati wanaume sita hawawezi kupita na jeneza mabegani. Wakalishusha. Wakabaki wawili mbele na wawili nyuma, wanatembea ubavu ubavu, jeneza liko usawa wa magoti, mmoja anaelekeza: polepole, polepole, angalia kulia kwako. Kulia kwake ni ukuta wangu. Sijaupiga plasta, na bloku ambalo halijapigwa plasta lina meno. Nikasikia kitambaa kikichanika.

Wiki iliyofuata nilikwenda saiti na fundi. Kwenye kozi ya tano ya bloku kulikuwa na uzi mweupe umenasa. Fundi akanyoosha mkono autoe, nikamwambia auache.

Mkutano wa mtaa uliitishwa baadaye kwa ajili ya ulinzi shirikishi na mchango wa kalavati. Kwenye mengineyo, mzee akaomba kusema. Alisimama na fimbo ile ile.

"Mwenyekiti, mimi naomba tusimamishe. Mtu asichimbe msingi, mtu asikate kiwanja, mtu asiuze, miaka miwili. Mpaka barabara zipatikane. Zikishapatikana, jengeni mpaka mchoke."

Mama mmoja mwenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha alipiga makofi kabla mzee hajakaa. Namwelewa sana. Miaka miwili bila chumba kipya mtaani, yeye angepandisha kodi mara mbili na bado wapangaji wangepanga foleni, wamebeba ya miezi sita mkononi. Fundi mmoja kijana akanyanyuka: "Mzee wangu, shikamoo. Sasa hiyo miaka miwili sisi tutakula nini?" Watu wakacheka. Halafu akasimama mtoto wa mzee, yule yule wa vijiti vya minyaa, siku hizi ana mke na watoto wawili, akasema bila kumtazama baba yake: "Baba, wewe umeshauza. Kilichobaki ndicho cha kwetu."

Hapo hakuna aliyecheka. (Dada zake walikuwa wamekaa nyuma, upande wa wanawake. Wao hawakuuliza kitu, maana katika mgawo huo hawakuwamo tangu mwanzo.)

Mwenyekiti alieleza, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula, kwamba mtaa hauna mamlaka ya kusimamisha ujenzi. Tunaweza kuweka kwenye muhtasari, upite kwa mtendaji wa kata, ufike halmashauri. "Tumelipokea," akasema. Sisi wazoefu wa mikutano tunalijua hilo neno.

Mimi nilitoka pale nikiwa upande wa mzee asilimia mia. Nilikuwa bado nasikia kile kitambaa. Lakini kazi yangu ni hesabu, na kadiri nilivyokaa na wazo lake ndivyo lilivyoanza kukataa kujumlishika.

Sensa ya 2012 iliikuta Halmashauri ya Jiji la Arusha ina watu 416,442. Ya 2022 ikatukuta 617,631. Ni zaidi ya laki mbili ndani ya miaka kumi. Tuseme kila kaya ina watu wanne: kaya elfu hamsini zimetafuta pa kulala. Hawa hawakulala kwenye Mpango Kabambe wa jiji. Mpango upo, wa mpaka 2035, ulichorwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, unashika jiji lote na vipande vya halmashauri za Arusha na Meru, na ramani zake zinapendeza. Ila ramani haina mlango wa kugonga saa moja usiku ukiwa na mtoto mgongoni. Mzee alikuwa nao. Alikuwa anauza kwa bei inayolipika, kwa awamu mbili, na anakupimia hapo hapo.

Jambo lililonizindua zaidi ni sheria yenyewe. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Ukitaka kibali cha ujenzi unapeleka michoro na nyaraka za kiwanja kilichopimwa. Mimi kiwanja changu kimepimwa, ila kwa miguu. Baba Neema hivyo hivyo. Mama wa vyumba kumi na viwili hivyo hivyo. Kwa karatasi, mtaa wetu mzima umesimamishwa siku nyingi; hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuruhusiwa kuweka tofali. Na chini ya katazo hilo zimeota nyumba mia tatu na kitu.

Kwa hiyo mzee alipoomba katazo, alikuwa anaomba tulichonacho. Tena nathubutu kusema ndicho kilichotubana. Anayejua hapewi kibali hajengi anavyotaka, anajenga anavyowahi. Msingi unachimbwa Ijumaa jioni ofisi zikishafungwa, na Jumatatu asubuhi unakuta kozi nne. Ukuta wa uzio unatangulia nyumba, kwa sababu ukuta ndio unaosema hapa pana mtu. Mimi mwenyewe nilianza na ukuta. Niliusogeza mpaka kwenye kijiti cha minyaa kabisa, nisiache hata futi, kwa hofu kwamba nikiacha futi Baba Neema ataichukua. Yeye naye alikuwa anawaza hivyo hivyo kuhusu mimi. Tumekuja kuambiana tayari tumeshamalizana nafasi.

Ukitaka katazo jingine la namna hiyo, liko karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shuka siku moja kando ya Naura au Themi, uhesabu hatua toka kwenye maji mpaka ukuta wa kwanza. Nenda na miguu mifupi, utahesabu zaidi.

Aliyewahi kudhibiti ujenzi kwelikweli nchini ni Dodoma. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu kule, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikashika ardhi, ramani na vibali, vyote chini ya paa moja, na viwanja ikavitoa kwa mkataba wa miaka 33. Kwa zaidi ya miaka arobaini Dodoma ndiyo ilikuwa mahali ambapo tofali likiwekwa pasipo pake kulikuwa na mtu wa kuja kulitoa. Mitaa iliyopimwa kule inaonekana, ukipita na gari unaona barabara zimenyooka kama mistari ya daftari. Lakini Chang'ombe nayo iliota ndani ya Dodoma hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba, njia za mguu, kwa sababu dereva na mama ntilie wa mji unaopangwa nao wanahitaji kulala mahali. Na migogoro ya ardhi ilirundikana mpaka CDA ikavunjwa mwaka 2017. Ninachookota pale ni kimoja: mitaa iliyonyooka ni ile ambayo mpimaji alitangulia. Pale ambapo hakufika, amri peke yake haikunyoosha kitu.

Wenzetu Marekani wanalo jina la jambo hili, moratorium, na utaratibu wake, na wamelipeleka mpaka mahakama ya juu. Kwenye Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, ujenzi ulisimamishwa miezi 32, kuanzia 1981 hadi 1984, kwa sababu udongo unaotoka kwenye viwanja ulikuwa unachafua ziwa lililosifika kwa maji yake meupe. Ilipoisha hiyo miezi, mahakama ikaweka zuio lake juu ya mpango mpya. Watu walionunua viwanja vya kustaafia wakashitaki wadai fidia. Hukumu ya mwisho ilitoka 2002: majaji sita kwa watatu wakasema kusimamisha kwa muda peke yake si kunyang'anya. Naweza kukubaliana na majaji. Ila ukianza kuhesabu kutoka 1981, neno "muda" linakuwa refu kidogo. Arizona walifanya kwa namna nyingine, na hiyo ilinifikirisha zaidi. Kule, kwenye maeneo kama ya Phoenix ambako maji ya ardhini yanasimamiwa, mwenye kuanzisha mtaa mpya lazima aonyeshe kwamba yapo maji ya miaka 100. Mwaka 2023 hesabu za maji ya ardhini kuzunguka Phoenix zilipoonyesha hayatoshi, jimbo likaacha kupitisha miradi mipya inayotegemea maji hayo peke yake. Waliokwisha kupitishwa wakaendelea. Hakukuwa na cha miaka miwili wala mitatu. Kulikuwa na kitu cha kupimwa, na ukikipata unaendelea.

Huku kwetu mambo yamekwenda kinyumenyume, maji yamefika kabla ya njia. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, uliongeza uzalishaji toka lita milioni 40 kwa siku mpaka milioni 200, na kwa mji uliozoea maji yenye madini ya floraidi yanayotia meno rangi ya kahawia, hilo si jambo dogo. Bomba linapita popote, linajikunja kwenye kona ya ukuta, halihitaji barabara. Lililofika likavuta nyumba. Lakini maji yakiingia lazima yatoke, na yanatokea shimoni. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika kwangu. Linasimama pale pale lilipoishia gari la msiba, wanaunga mipira minne, inapita uani kwa watu watatu, na kila mmoja unamwomba radhi kwa jina la mtoto wake mkubwa. Sijui niseme nini kuhusu zimamoto. Tumekubaliana kimyakimya kutolizungumzia.

Sasa tuje kwenye ninachoamini. Kusimamisha vibali Arusha ni kumsimamisha yule mmoja aliyekwenda halmashauri na michoro mkononi, halafu kumwacha anayejenga Ijumaa usiku aendelee. Na kwa anayejenga kidogo kidogo kama mimi, miaka miwili haiwezi kuitwa kusubiri. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zitaliwa na kutu, bloku zilizopangwa nje zitalala masika mbili, na fundi niliyemzoea atakuwa ameshahamia mji mwingine. Hapo mzee simuungi mkono.

Namuunga mkono kwenye neno moja alilolitaja katikati, ambalo kelele zililimeza: mtu asikate. Kujenga ni matokeo, kiwanja kilishakatwa zamani. Na kukata kuna mlango mmoja tu kila mtu anaopitia, nao ni mhuri wa mtaa. Hakuna anayenunua huku bila kwenda pale. Huo mhuri ndio kibali chetu halisi, halmashauri ipende isipende. Ukisema kuanzia leo hati ya mauziano haigongwi mpaka mchoro wake uonyeshe njia ya gari, na vigingi vya njia hiyo viwe ardhini, umesimamisha kitu. Unasimama mpaka vigingi viwekwe, iwe mwezi au mwaka. Najua tatizo lake: ofisi ya mtaa nayo ina chake kwenye kila mauziano, na mtu hafungi bomba analokinga. Najua pia kwamba tulishachanga wakati ule wa urasimishaji, wa kupimiwa makazi yaliyokwisha kujengwa, kampuni ikaja, ikarusha droni juu ya mabati yetu, watoto wakashangilia, ikawa ndiyo kuonana kwa mwisho. Na tangu uwanja wa AFCON wa watu 30,000 uanze kujengwa Olmoti, madalali hawalali. Kila kiwanja kusini mwa mji ghafla kiko "dakika kumi toka uwanjani".

Muhtasari ulipokwenda halmashauri, jibu sijalisikia. Ila Baba Neema alinipigia Jumapili moja. "Mama, mimi nimeshindwa kulala na ile habari ya jeneza. Tuvunje?" Nilikuwa nimesubiri yeye aseme kwanza. Tukaongea na wenye kuta wanne wengine, mmoja akakataa mpaka mkewe akamkatalia chakula, na Jumamosi tukakutana njiani na nyundo, sururu, chai ya chupa na mandazi.

Mzee alikuja. Akachomeka fimbo kwenye kona ya duka, akaanza: moja, mbili, tatu. Kwenye ya sita akasimama, akatazama nyuma alikotoka.

"Hatua zangu zimefupika," akasema. "Tumieni tepu."

Tepu ilikuwa ya fundi wangu. Wakati tunapima kila mmoja arudi nyuma kiasi gani, nikamwomba apime na kiwanja changu, upande mmoja tu, nijue. Ishirini zangu zilikuwa mita 17 na sentimita 40. Mzee alisikia. Akageuka kuangalia kama mlima umefunguka mawingu.

Tulivunja mpaka saa tisa. Mimi nilirudi mita moja, Baba Neema mita moja, na palipokuwa na mita moja na nusu sasa pana tatu na nusu, si kwa urefu wote, yule wa kwenye kona bado amebana, lakini gari la kunyonya litapita likikunja kioo. Kazi ya kupigilia vigingi ilifanywa na yule kijana wa mzee. Alikuwa kwenye cha mwisho, kile kinachogusa shamba lililobaki, simu yake ikaita. Akaibana kati ya sikio na bega, nyundo mkononi.

"Ndiyo bosi. Bado kipo," akasema. "Ishirini kwa ishirini. Na sasa gari linaingia mpaka mlangoni."